Ukuta wa nje ukiingia ndani

Tulipoondoa tofali la mwisho upande wa kushoto na vumbi likatulia, shemeji alisogea na kikombe chake cha chai. Akauangalia ule mkato wa ukuta kuanzia sakafuni hadi kwenye boriti ya chuma, kisha akaniuliza, "Sasa shem, hapa utapamalizaje?"

Nikamwambia, "Usijali, patapendeza."

Fundi yeyote anayesoma hapa anajua maana ya jibu hilo. Maana yake fundi bado anafikiri.

Nyumba ni ya dada yangu na mumewe, pembezoni mwa mji wa Bedford, Uingereza. Ni mojawapo ya zile nyumba pacha (mbili zilizoshikana kwa ukuta mmoja) za miaka ya 1930 ambazo ukiijua moja umezijua zote. Wameongeza chumba kwa nyuma ili jiko lipanuke. Ukuta wa nyuma, uliopigwa na mvua kwa zaidi ya miaka 80, sasa uko ndani chini ya paa jipya. Tulitoboa katikati yake uwazi wa karibu mita tatu ili jiko la zamani na chumba kipya viwe kitu kimoja, na vipande viwili vilivyobaki kushoto na kulia dada akavipigia marufuku plasta. Anataka matofali yaonekane.

Matofali yenyewe hayakunisumbua. Kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni ule mkato.

## Mkato unavyoonekana

Nyumbani Afrika Mashariki tumezoea ukuta mmoja. Hapa, tangu kipindi cha kati ya vita viwili vya dunia, nyumba nyingi zina kuta mbili zinazokwenda sambamba, na kati yake kuna nafasi tupu ya sentimita 5 hivi. Vishikizo vidogo vya chuma ndivyo vinavyozifunga pamoja. Mvua ya huku haina nguvu ya masika, ila inakuja na upepo na haina haraka. Inaweza kunyesha kutwa nzima hadi tofali la nje likalowa mpaka mgongoni. Maji yakifika kwenye ile nafasi yanateremka zake chini. Ukuta wa ndani unabaki mkavu, mradi hakuna kitu kinachoyavusha.

Ukiukata ukuta wa namna hiyo kwa wima, unaona kila kitu. Kwetu, kutoka nje kuja ndani, lilianza tofali jekundu lililoiva vizuri, lenye uso wa chembechembe, lililochaguliwa ili lipendeze. Ikafuata nafasi yenye utando wa buibui wa enzi na enzi. Halafu tofali la ndani, la rangi ya waridi iliyopauka, lenye mistari ya kukoza na kufifia kama kikoi. Mwisho plasta ya zamani iliyopakwa rangi juu ya rangi. Unene wote ukakaribia sentimita 27 bila plasta.

Lile la waridi lina historia yake hapa. Udongo wa maeneo ya Bedford na Peterborough una mabaki ya viumbe wa kale ndani yake, kwa hiyo ukishashika moto tanuruni sehemu kubwa ya kuni zake ni wenyewe. Hilo lilifanya matofali yake yawe rahisi mno, na nyumba nyingi mno za kusini mwa Uingereza zikajengwa nayo. Mistari inabaki mahali tofali lilipogusana na jirani yake tanuruni. Hayakutengenezwa yaonekane. Yalikuwa ya kufichwa nyuma ya plasta, na mwashi wa 1930 na kitu aliyapanga kwa moyo huo: viungo vinene, rojo (mchanganyiko wa kushikisha matofali) limetokeza huku na huku, kozi (mstari wa matofali) moja imepanda, nyingine imeshuka.

Kwa hiyo pale kwenye mkato nilikuwa na ukuta wa kuonyeshwa, shimo, na ukuta wa kufichwa. Dada anataka vyote vitatu vionekane tofali safi.

## Njia nyepesi

Njia nyepesi zipo na sizidharau. Unaweza kufunika mkato kwa jipsamu, ukapiga skimu (plasta nyembamba ya mwisho), ukapaka rangi nyeupe. Matofali yanaishia kwenye kona safi na kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Unaweza kuuvika fremu ya mbao nzito. Kwa macho yangu mbao inapendeza kuliko zote, na hilo nililisema mapema sana, nikakataliwa mapema vilevile.

Njia nyingine ni vile vipande vyembamba vya tofali vinavyobandikwa kwa gundi, unene wa sentimita 2 hivi. Shemeji aliviona dukani akavipenda. Mimi siviwezi. Kwenye ukuta ambao ni wa tofali kweli, kubandika picha ya tofali ni kumvalisha mtu kofia yenye sura yake mwenyewe.

Dada alisikiliza yote hayo. "Mdogo wangu," akasema, "si wewe ndiye mwashi? Weka tofali."

Ni sawa. Ila kuweka tofali pale ni kuziba ile nafasi, na kuziba ile nafasi ndicho kitu cha kwanza unachofundishwa hapa kutokifanya. Tofali moja likikaa limegusa kuta zote mbili, umeyajengea maji daraja. Nimefanya kazi na vijana ambao jioni ya kwanza kazini walitumwa kukwangua tonge za rojo zilizoangukia vishikizo, kwa sababu hata tonge moja linatosha kuleta alama ya unyevu chumbani miaka kumi baadaye. Tulipofungua ukuta wa dada nilimulika tochi ndani nikaziona: kishikizo chenye ncha iliyopasuliwa kama mkia wa samaki, na juu yake donge la rojo la ukubwa wa ngumi, limekaa hapo tangu kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Nilipoligusa kwa ncha ya patasi liling'oka lote, likaacha chuma chenye kutu ya rangi ya chungwa upande mmoja tu, ule uliolala chini ya donge.

Baada ya kuona hivyo, unajengaje tofali kuvuka pale?

## Mzee hakutazama mkato

Kuna mzee ninayefanya naye kazi mara kwa mara. Baba yake alitoka kusini mwa Italia miaka ya 1950 kuja kwenye matanuru ya Bedford, kama walivyokuja maelfu ya wenzake. Ndiyo maana mji huu mdogo una kahawa nzuri kuliko miji mikubwa kadhaa nisiyoitaja. Mzee amestaafu kwa maneno tu. Nilimwomba apite.

Aliingia, akasalimia, akapita mbele ya mkato bila kuutupia jicho, akatoka nje bustanini. Akasimama anaangalia juu, pale paa jipya linapokutana na ukuta wa zamani. Akauliza juu ya paa tumeweka nini.

Nikamwonyesha picha.

Hapa ndipo penyewe, wacha nipaeleze taratibu. Juu ya paa jipya ukuta wa nje bado uko nje. Unanyeshewa kama zamani, na maji bado yanateremka kwenye ile nafasi. Zamani yalikwenda mpaka chini kwenye msingi yakapotea ardhini. Lakini sasa, sentimita chache chini ya paa, tofali lile lile linageuka kuwa ukuta wa jikoni. Maji yakiachwa yaendelee, yanashuka mgongoni mwa matofali anayoyapenda dada, yanaloweka boriti ya chuma, na baada ya msimu mmoja unaanza kuona chumvi nyeupe imechanua usoni mwa ukuta. Watu wanaisugua kwa brashi, inarudi. Wanapaka dawa, inarudi. Wanasema matofali ni mabovu.

Dawa yake ni trei: vipande vya plastiki ngumu vinavyoingizwa ndani ya ukuta juu ya paa, vimeinamia nje, vikipokea maji na kuyatoa kupitia matundu madogo yaliyoachwa kwenye viungo, huku bati la madini ya risasi likifunika maungio kwa nje. Kwenye ukuta uliokwisha kujengwa ni kazi ya kuchosha. Unatoa matofali mawili matatu, unaingiza kipande, unarudisha, unasubiri lishike, ndipo unasogea. Ukifungua mita tatu kwa mpigo ili uwahi, ukuta wa juu utakukumbusha kwamba una uzito. Trei ilikuwepo kwenye michoro, na mkaguzi wa halmashauri aliikagua kabla haijafunikwa.

Mzee akaikuza picha, akahesabu matundu kwa kidole. Akaridhika. Kisha akasema jambo ambalo ningeweza kulifikia mwenyewe lakini sikuwa nimelifikia: kama trei imekaa sawa, nafasi iliyo chini yake haina tena maji. Ukuta ule wa kushoto una vyumba pande zote mbili, na paa kichwani. Ile sheria ya kutovusha kitu iliwekwa kwa ajili ya mvua, na pale mvua haifiki.

"Ziba," akasema.

Halafu akanishika bega akanigeuza upande wa kulia. "Hapa usizibe."

## Upande wa kulia

Chumba kipya ni chembamba kuliko nyumba. Upande wa kulia, ukuta wa zamani unaanza nje bustanini, unapita nyuma ya ukuta mpya, unatokea jikoni. Tofali la nje na tofali la jikoni ni ukuta mmoja, kozi zile zile, rojo lile lile. Likilowa huku, unyevu unatambaa kuja huku. Likiganda Januari huku, ubaridi unatembea vilevile, na kwenye kona ya jiko penye mvuke wa masufuria, mahali baridi ndipo ukungu mweusi unapoanzia.

Hivyo pale tunakata. Mfereji wa wima unapasuliwa kwenye ukuta wa zamani, kutoka chini hadi juu, upana wa kutosha ili nafasi ya ukuta mpya ikutane na nafasi ya ukuta wa zamani. Ndani yake unaingia utepe wa plastiki wa kuzuia unyevu, pamoja na kipande cha bodi ya kuzuia baridi. Kuanzia hapo kilicho nje ni cha nje, na cha ndani ni cha ndani. Kukata kunafanywa kwa msumeno wa diski unaomwagiwa maji, na barakoa ya kweli usoni. Vumbi la tofali lina silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, na mapafu yakishaharibika hakuna fundi wa kuyakarabati. Hili nalisema kila mahali na nitaendelea kulisema.

Dada hakupenda kuona mstari ule kwenye kona. Alitaka ukuta mpya uingiane na wa zamani, jino kwa jino, isijulikane nani alitangulia. Nami kusema kweli nilivutika. Kuunganisha meno ni kazi inayoonyesha mkono wa mwashi, na ni nani asiyependa kuonekana?

Kilichonirudisha ni ardhi. Bedford iko juu ya udongo mzito wa mfinyanzi. Kiangazi unasinyaa, majira ya baridi unavimba. Kiangazi cha 2022, joto lilipovuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika rekodi za Uingereza, nyufa zilifunguka kwenye nyumba nyingi za mitaa hii. Msingi wa nyumba ya 1930 na kitu ni wa kina kifupi. Msingi mpya kwenye udongo kama huu mkaguzi anautaka uende mita moja hivi, na kukiwa na miti karibu anataka zaidi. Misingi miwili ya kina tofauti haitembei pamoja. Ukizifunga kuta meno kwa meno, zitaachana tu, na zitachagua zenyewe pa kupasukia: katikati ya matofali, kwa ngazi.

Kwa hiyo tumefunga reli ya chuma isiyoshika kutu kwenye ukuta wa zamani, vishikizo vya ukuta mpya vinaning'inia humo, na kati ya kuta hizo mbili kuna kiungo kimoja cha wima, milimita 10, kimejazwa mpira laini wenye rangi ya mchanga. Kimenyooka kutoka sakafuni hadi dari.

Dada anasema anauona mstari ule kila akiingia. Namwambia ndiyo, na ufa je, hungeuona?

## Kurudi kushoto

Kushoto nikaziba, kwa tofali.

Sikununua mapya. Tofali la sasa la Uingereza lina urefu wa milimita 215 na kimo cha 65. Pamoja na rojo, kozi nne zinatimiza milimita 300. Kozi nne za zamani ni inchi 12, yaani karibu 305. Milimita tano ni kitu gani? Ukifika mita 2.4 ni karibu sentimita 4, na kozi zako hazikutani tena na za jirani. Bahati nzuri uwazi tulioutoboa ulituachia lundo la matofali ya ukuta ule ule. Rojo lake lilikuwa la chokaa, laini, linabanduka kwa nyundo ndogo. Kama lingekuwa la saruji kali tungevunja zaidi ya tulichookoa.

Nilianza kwa kuyapanga makavu sakafuni, kozi mbilimbili, kabla ya kuchanganya chochote. Tofali zima likilazwa kuvuka mkato linafunika ukuta wa nje, nafasi yote, na nusu ya ukuta wa ndani. Kwenye kozi inayofuata lazima tofali likatwe. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Uso uliokatwa kwa grinda ni bapa na umepauka. Hauna ile ngozi tofali linayoipata motoni. Ukiweka uso huo mbele, hata asiyejua ujenzi ataona kuna kitu hakiko sawa, ingawa hataweza kukitaja. Kila uso uliokatwa nimeugeuza ndani.

Kulikuwa na suala la timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima. Nilipoitundika, ukuta wa zamani ulikuwa umelala kidogo kuja kwetu. Ufuate ukuta, au ufuate timazi? Nilibaki na swali hilo siku nzima ya kazi nikijifanya nasafisha matofali. Mwishowe niligawanya. Uso unaoendelea na matofali ya zamani umefuata ulalo wake, la sivyo pangekuwa na ngazi kwenye ukuta. Lakini ile kona ya uwazi, mstari ambao jicho litaulinganisha na kabati na mlango wa kioo, nimeisimamisha kwa timazi hadi kwenye boriti. Tofauti imemezwa na viungo, milimita hapa, milimita pale.

Upande wa tofali la waridi dada alitaka nao uachwe wazi. Nilimbandulia plasta kipande cha nusu mita aone. Akatazama yale marojo yaliyotokeza, akatazama kozi zinazopanda na kushuka, akasema, "Hapa piga plasta."

## Rojo

Watu wanahangaika na rangi ya tofali wakasahau kwamba rojo nalo ni sehemu ya ukuta inayoonekana hata kwa mbali. Rojo la saruji la kijivu kwenye matofali ya 1930 linapiga kelele.

Nilichanganya sampuli kwa chokaa na mchanga wa aina tofauti, nikazipaka kwenye viungo nyuma ya mahali friji itakapokaa, nikaziacha zikauke kabisa. Rojo bichi linadanganya. Likikauka linafifia sana. Rangi inatoka hasa kwenye mchanga, na ulioshinda ni wa njano, mkavu, wenye punje kubwa kiasi, ambao awali niliudharau.

Viungo vya zamani nilivikwangua kina cha sentimita 2. Vya mlalo unaweza kutumia mashine kama mkono wako umetulia, vya wima ni patasi tu, maana diski inakula kingo za tofali la juu na la chini kabla hujajua. Unalowesha, unajaza kwa kukandamiza, unaacha. Kuacha ndiko kugumu. Ukipitisha brashi mapema unapaka ukuta mzima uji wa chokaa. Ukichelewa, limeshakuwa jiwe. Unabonyeza kwa kidole gumba: kikiacha alama bila kutoka na kitu, anza.

Sasa ubishi uliobaki ni wa kupaka. Dada anataka ukuta ung'ae. Mimi nataka dawa isiyong'aa, inayozuia vumbi tu na kuuacha ukuta upumue. Shemeji amejitoa.

## Aliyeniuliza kutoka Makambako

Msomaji mmoja wa Makambako, mkoani Njombe, Tanzania, aliona picha akaniuliza kama ajenge nyumba yake hivi, kuta mbili na nafasi katikati, kwa kuwa anataka matofali ya kuchoma yaonekane nje.

Usijenge hivyo, ndugu yangu. Utanunua matofali karibu mara mbili, utatafuta vishikizo visivyoshika kutu, na utahitaji mafundi waliozoea kuweka nafasi ile safi. Baridi ya huko naijua, ila si ya kugandisha ukuta kama ya huku. Ukuta mmoja wa upana wa tofali zima unatosha, ukiupa upenu mrefu, karibu mita moja ukiweza, na ukiinua msingi ili matone ya ardhini yasirukie kozi za chini. Pesa iliyobaki mlipe fundi avinyooshe viungo.

Na nenda mwenyewe tanuruni. Matofali ya pembezoni mwa tanuru hayaivi kama ya katikati, na muuzaji atakuchanganyia. Shika mawili uyagonganishe. Yanayolia kwa sauti kali yaende ukuta wa mbele; yenye sauti butu yapeleke kwenye kuta za ndani utakazopiga plasta.